Taji la Mfalme na Rangi ya Ngozi: Nani Hupewa Nafasi Kubwa Jukwaani?

Ndugu mwenyekiti, waigizaji wenzangu, waongozaji, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na nyote mliokuja kusikiliza maneno matupu yasiyo na ngoma wala maleba, ahsanteni.

Nimepewa swali ambalo kila baada ya miaka michache huzuka upya kana kwamba halijapata kuulizwa. Je, mtu mweusi anaweza kuigiza mfalme wa Uingereza? Anaweza kuwa Hamlet, au Juliet, au Mzee Lear, wahusika wa tamthilia za Mwingereza William Shakespeare? Nalijibu upesi ili tusikwame mlangoni. Anaweza, amekwisha kufanya hivyo mara nyingi, na walioona walilia na kupiga makofi. Hilo lilimalizwa katika karne ya 19. Ninalotaka tulizungumze ni jingine: ni nani anayegawa nafasi, anagawa kwa jicho gani, na huyo anayepewa nafasi kubwa alipitia wapi hata akaiweza.

Lakini kwanza nimtendee haki anayepinga, maana si kila anayepinga ni mtu mbaya. Hoja yake ni historia. Anasema Henry wa Tano alikuwa mzungu, basi aigizwe na mzungu. Sawa. Hamlet alikuwa Mdenmarki, na sijasikia mtu akiulizwa pasipoti ya Denmark kwenye usaili. Katika Juliasi Kaizari, wale wanaopanga kuua wanasikia saa ikigonga mara tatu, mamia ya miaka kabla saa za kugonga hazijabuniwa. Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare meli inatia nanga pwani ya Bohemia, nchi ambayo tukiitazama kwenye ramani haigusi bahari. Hakuna aliyetoka ukumbini kwa hasira.

Na kuna jambo kubwa kuliko saa na meli. Juliet, Cleopatra na mke wa Macbeth waliandikwa waigizwe na wavulana. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya kulipia ya London mpaka 1660, na katika Desemba ya mwaka huo mwanamke alipotokea jukwaani, nafasi aliyopewa ilikuwa ya Desdemona, mke mzungu wa Othello, yule jemadari mweusi wa Venisi anayemuua kwa wivu. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 50 Othello alikuwa mzungu aliyepakwa rangi, na mkewe alikuwa mvulana mwenye gauni. Watu walitazama wakaamini. Mwaka 1610 mtazamaji mmoja mjini Oxford aliandika kwamba Desdemona, akiwa amelala kitandani ameshauawa, aliwatia watu huruma kwa uso wake tu. Uso wa mvulana, ndugu zangu! Jicho linalosamehe hayo yote kisha likagoma kusamehe ngozi halilindi historia. Linalinda kitu kingine, na ni vyema tukiite kwa jina lake.

Sasa nataka nikae kidogo na mtu mmoja, kwa sababu karibu kila jambo tunalobishania leo lilimpata yeye.

Ira Aldridge alizaliwa New York mwaka 1807, mtoto wa familia ya watu weusi walio huru. Alipokuwa kijana, mjini humo palikuwa na kundi la waigizaji weusi, lililoanzishwa mwaka 1821 na William Brown, mtu aliyewahi kuhudumu melini. Waliigiza Richard wa Tatu. Polisi waliwakamata waigizaji, wahuni wakavamia ukumbi, na baada ya miaka michache kundi likafa. Angalieni: kosa lao halikuwa kuigiza vibaya. Kosa lao lilikuwa kumgusa Shakespeare.

Aldridge akavuka bahari. Kufikia mwaka 1825 alikuwa akiigiza London, hata miaka 20 hajafikisha. Kisha ukaja mwaka 1833. Edmund Kean, aliyekuwa mwigizaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, alianguka jukwaani Covent Garden mwezi Machi akiwa Othello, akadakwa na mwanawe Charles aliyekuwa Iago, askari anayemdanganya Othello mpaka akashikwa na wivu. Mwezi Mei akafariki. Katikati ya hapo, mwezi Aprili, Aldridge aliitwa avae viatu vile. Mtu mweusi kweli, akimwigiza Othello kwenye ukumbi mkubwa wa London.

Alicheza usiku mara mbili tu. Magazeti mengine yalimsifu kwa shingo upande, mengine yalimshambulia bila haya. Gazeti moja lililalamika, kwa jina la adabu na heshima, kwamba mwigizaji Ellen Tree, aliyekuwa Desdemona, anashikwashikwa na mtu mweusi. Kumbukeni huo ndio mwaka Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Nchi ilikuwa ikibishana kama mtu mweusi ni mali au ni mtu, na huku amesimama jukwaani akiwaambia wakuu wa Venisi jinsi alivyompata mkewe.

Na hapa pana kichekesho kichungu. Huyo Kean aliyekuwa akishangiliwa, tangu mwaka 1814 alikuwa amepunguza rangi. Badala ya kujipaka weusi tititi alijipaka hudhurungi nyepesi, ili Othello aonekane kama mtu wa Afrika ya Kaskazini, asije akawachefua watazamaji. Mshairi Coleridge naye alikuwa ameandika kwamba ni jambo la kuchukiza kuwaza binti mzuri wa Venisi akimpenda mtu mweusi halisi. Kwa hiyo mzungu aliyepakwa rangi alitakiwa asizidishe, na Mwafrika asiyehitaji rangi alikuwa amezidi tayari.

Aldridge alifanya nini? Alikwenda mikoani. Kwa takriban miaka 20 alizunguka miji ya Uingereza, Scotland na Ireland, na nafasi za wahusika weusi zilipokwisha, maana ni chache mno, alijipaka rangi nyeupe na kuvaa nywele za bandia. Hivyo ndivyo alivyokuwa Lear. Hivyo ndivyo alivyokuwa Macbeth, Richard wa Tatu, na Shylock wa Mabepari wa Venisi. Tena alifanya jambo linalonifurahisha kuliko yote: alimchukua Aaron, yule mweusi katili wa Titus Andronicus, akaiandikisha tamthilia upya ili Aaron awe shujaa. Yaani hakungoja apewe nafasi nzuri, aliitengeneza. Kuanzia mwaka 1852 akaenda bara Ulaya, akatunukiwa nishani, akashangiliwa mpaka Urusi. Alifia Poland, mjini Łódź, mwaka 1867, akiwa safarini kuigiza, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Nchi aliyozaliwa haikupata kumwona akiwa Lear.

Nimelikalia hilo kwa sababu linatuonyesha mtego wa Othello. Watu hudhani Othello ni zawadi kwa mwigizaji mweusi. Ni zawadi kweli. Mashairi yale yakikukaa mdomoni hutaki yatoke. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa zawadi ya kumfungia mtu chumbani. Unaambiwa: wewe una Othello, unataka nini tena? Mwenzako ana Hamlet, Lear, Macbeth, Brutus, Benedick, Prospero na orodha haijaisha. Na hata hiyo moja uliyoachiwa, mwenzako aliichukua pia, kwa kopo la rangi. Laurence Olivier aliiigiza hivyo mwaka 1964 kwenye Ukumbi wa Taifa wa Uingereza, amejipaka weusi mwili mzima, akabadilisha sauti na mwendo, na filamu yake ikamfanya ateuliwe kuwania Oscar. Mwaka 1981 televisheni ya BBC ilimpa nafasi hiyohiyo Anthony Hopkins. Katika opera mambo yalichelewa zaidi: Metropolitan Opera ya New York iliacha kumpaka weusi mwimbaji wa Othello mwaka 2015 tu.

Kabla ya hao wote alisimama Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani. Aliigiza Othello London mwaka 1930, na ikamchukua miaka 13 mingine kuifikisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, kwao, mwaka 1943, kwa sababu kumpata mwenye ukumbi atakayekubali mweusi kumbusu mzungu mbele ya watu haikuwa kazi ndogo. Ilipochezwa ilifikisha maonyesho 296. Walipoanza kuzunguka, Robeson alikataa kuigiza katika ukumbi wowote uliowatenga watazamaji kwa rangi. Nalipenda hilo sana. Alijua kwamba ugawaji wa nafasi hauishii jukwaani. Na viti navyo hugawiwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo wanafunzi hunitupia kila mara, wakidhani wamenikamata. Kama mweusi anaweza kuwa Lear, mbona mzungu asiwe Othello? Haki si ni pande mbili?

Jibu langu haliko kwenye damu. Siamini kwamba mtu lazima awe kile anachokiigiza, maana hapo uigizaji umekufa, tubaki na vitambulisho. Jibu liko kwenye milango. Mlango wa Lear ulifungwa kwa watu fulani kwa miaka zaidi ya 300, na walipougonga walipigwa. Mlango wa Othello haukuwahi kufungwa kwa mzungu hata siku moja. Ulifungwa kwa wenye sura ya Othello wenyewe. Ukivichukua vitu viwili vyenye historia tofauti namna hiyo ukavitangaza kuwa sawa, umemdhulumu aliyekwisha kudhulumiwa. Huenda siku moja, milango yote ikishakuwa wazi muda wa kutosha, swali hilo likawa la kisanaa tu. Mwaka 1997 mjini Washington walijaribu njia ya ajabu: Patrick Stewart, mzungu, alikuwa Othello bila rangi yoyote, na karibu kila aliyemzunguka alikuwa mweusi, maneno ya tamthilia hayakubadilishwa. Ulikuwa ujanja wa kuvutia, na uliwapa kazi waigizaji weusi wengi kwa mpigo. Ila mimi nauona kama fumbo zuri kuliko mlango.

Lakini hapohapo kwenye Othello kuna waigizaji weusi wasioitaka nafasi hiyo, na hoja yao ni nzito. Hugh Quarshie, mwigizaji mzaliwa wa Ghana aliyekulia Uingereza, alitoa mhadhara miaka ya tisini akisema kwamba kati ya nafasi zote za Shakespeare, pengine hii ndiyo isiyofaa kabisa kuigizwa na mwigizaji mweusi. Kwa nini? Kwa sababu iliandikwa na mzungu, kwa ajili ya mzungu aliyepakwa rangi, mbele ya watazamaji wazungu. Ndani yake mweusi mstaarabu akiguswa wivu kidogo anarudi kuwa mnyama. Mwigizaji mweusi akiingia humo na mwili wake, anaithibitisha dhana ile. Anaipa muhuri ambao rangi ya kopo haiwezi kuutoa.

Nilipoyasoma mawazo hayo mara ya kwanza nilikosa usingizi. Na bado nadhani hayatoshi, kwa sababu ya Johannesburg.

Mwaka 1987, Janet Suzman aliongoza Othello kwenye ukumbi wa Market, Johannesburg, Afrika Kusini, na Othello alikuwa John Kani. Sheria iliyokataza ndoa na mapenzi kati ya mzungu na mweusi ilikuwa imefutwa miaka miwili tu kabla. Ubaguzi wenyewe ulikuwa ungali umekaa juu ya kiti. Kani akimkumbatia Desdemona mzungu, watazamaji wengine waliinuka wakaondoka. Pale, mwili wa mweusi katika nafasi ile haukuthibitisha dhana yoyote. Uliivunja, maana kila mtu ukumbini alimjua Iago. Aliishi naye, alimlipa kodi, alimwona kwenye vituo vya polisi. Mwendawazimu katika tamthilia ile hakuwa tena mume mwenye wivu. Alikuwa ni yule askari mnyenyekevu mwenye chuki anayefanya kazi yake vizuri.

Kwa hiyo Quarshie ana haki na Kani ana haki, na tofauti iko kwenye ukumbi uliomo na waliokaa ndani yake. Quarshie mwenyewe aliendelea kulitafuna jambo hilo, na mwaka 2015 akakubali kuiigiza Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, chini ya mwongozaji Iqbal Khan, kwa sharti la kuitazama upya. Na Iago wake alikuwa nani? Lucian Msamati, mtoto wa wazazi wa Kitanzania, mweusi wa kwanza kupewa Iago na kampuni ya Royal Shakespeare. Fikirieni kinachotokea hapo. Iago analalamika kuwa cheo chake amepewa Cassio. Ikiwa Iago ni mweusi, na mkubwa wake mweusi amemruka akampandisha kijana mzungu, basi chuki ile ina mzizi mpya kabisa, mzizi ambao wengi wetu tuliofanya kazi chini ya wakubwa wa aina hiyo tunaujua. Hakuna mstari uliohitaji kuandikwa upya ili maana hiyo itoke.

Hilo ndilo ninaloliita kugawa nafasi kwa macho yaliyo wazi. Na ndiyo sababu siufurahii msemo kwamba mwongozaji mwema ni yule asiyeona rangi.

Nieleweke. Wazo la kutotazama rangi lilifanya kazi kubwa. Joseph Papp, mwandaaji wa maonyesho mjini New York, alilitumia kufungua tamasha lake la Shakespeare, na mwaka 1973 James Earl Jones akawa Lear katika bustani ya Central Park. Bila wazo hilo David Oyelowo asingekuwa Henry wa Sita pale Stratford mwaka 2000, mweusi wa kwanza kumwigiza mfalme wa Uingereza katika kampuni ile. Adrian Lester asingekuwa Henry wa Tano mwaka 2003, akiwapeleka watu vitani huku vita vya Iraq vikiwa kwenye kila gazeti. Paapa Essiedu asingekuwa Hamlet mwaka 2016. Kama mlango umekomewa, hata nyundo butu ni nyundo.

Ila mwongozaji anaweza kufumba macho, mtazamaji hafumbi. Ukiigiza Tufani, tamthilia nyingine ya Shakespeare, na kundi lako lote ni wazungu isipokuwa Caliban, mtumwa anayepigwa na kutukanwa, usiniambie hukuona. Sisi tuliolipa kiingilio tumeona. Ukimpa mweusi pekee uliyenaye nafasi ya mnyongaji, umesema neno, hata kama hukukusudia kulisema. Tena mwigizaji ameletwa na historia yake, lahaja yake, namna yake ya kusimama mbele ya mwenye mamlaka. Kumwambia aviache vyote mlangoni ili awe mtu wa hivi hivi ni kumtaka awe mzungu kimyakimya.

Mwandishi August Wilson alikwenda mbali zaidi. Katika hotuba yake ya mwaka 1996 mbele ya watu wa jukwaa wa Marekani, alisema kumweka mweusi katika tamthilia zilizoandikwa kuchunguza maisha ya wazungu ni kumnyima utu wake, na kwamba weusi wanahitaji majumba yao wenyewe ya maonyesho. Alitaja kwamba kati ya majumba 66 ya muungano wa majumba ya kitaaluma ya maonyesho ya Marekani, moja tu lilikuwa la watu weusi. Mwaka uliofuata alibishana hadharani na mhakiki Robert Brustein mjini New York, ukumbi ukiwa umejaa. Kuhusu majumba hayo na fedha za kuyaendesha, Wilson alikuwa sahihi, na waliomjibu waliruka sehemu hiyo. Kuhusu Hamlet simfuati. Aldridge hakujipaka chokaa ili atoweke. Alijua kwamba mateso ya Lear ni yake pia, akaenda kuyachukua.

Kabla sijakaa, jambo la kiufundi, na naomba wenye majumba wanisikilize hapa hasa. Hakuna anayeamka asubuhi akawa Lear. Kabla ya Lear kuna Kent, kabla ya Kent kuna Edgar, kabla ya Edgar kuna mtumishi anayeingia na barua, na kabla ya mtumishi kuna kusimama na mkuki saa tatu ukisikiliza wakubwa wanavyopumua katikati ya mstari. Beti zile hufundishwa mwilini, mwaka hadi mwaka. Mwigizaji wa akiba hujifunza kwa kumkaa mkubwa karibu. Sasa majumba yanapenda kumtangaza mweusi mmoja katika nafasi moja kubwa, picha yake ibandikwe kila ukuta, kisha msimu unaofuata wote wenye mikuki ni walewale wa zamani. Baada ya miaka 20 watatuambia wametafuta Lear mweusi mwenye uzoefu hawakumpata.

Na yule mmoja huachwa peke yake mbele ya upepo. Mwaka 2024 Francesca Amewudah-Rivers alipotangazwa kuwa Juliet jijini London, kando ya nyota wa filamu Tom Holland, alimiminiwa matusi ya ubaguzi mtandaoni hata kabla hajapanda jukwaani. Kampuni iliyoandaa onyesho ilitoa tamko la kulaani. Waigizaji zaidi ya 800, wengi wao wanawake weusi, walitia saini barua ya kumuunga mkono, wakiyataka majumba yawe na mipango halisi ya kuwalinda wanaowaajiri. Tamko ni karatasi. Mpango ni mtu anayesoma zile jumbe kwa niaba ya mwigizaji, ni mwanasheria, ni mlinzi wa mlango wa nyuma, na vyote huandikwa kwenye bajeti kabla ya usaili.

Basi mkitaka kulipima jumba lolote, msinionyeshe bango lake. Nionyesheni orodha nzima ya waigizaji, mpaka mbeba mkuki wa mwisho, ya misimu mitano mfululizo. Nionyesheni na majina ya waongozaji.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naona kuna kijana pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Olivier, na haonekani kukubaliana nami. Aanze yeye.